RAW au JPEG: namna ya kuamua kulingana na kazi iliyo mbele yako

Mpigapicha anayeuliza kama apige kwa RAW au kwa JPEG, miundo miwili ya faili ambayo kamera huhifadhia picha, kwa kawaida huambiwa kwamba RAW ni ya wataalamu na JPEG ni ya wanaoanza. Jibu hilo limewaingiza wengi katika gharama za diski na usiku mrefu mbele ya kompyuta kwa ajili ya picha ambazo zisingepungukiwa chochote kama zingepigwa kwa JPEG, na limewafanya wengine, waliochoshwa na kazi hiyo, waiache RAW hata pale ambapo ingewaokoa. Uamuzi huu haufanywi mara moja kwa maisha yote. Hufanywa kwa kila kazi, kabla ya kutoka nyumbani, na hutegemea mambo matatu: kama mwanga wa mahali unapokwenda utakuwa mikononi mwako, ni nani atakayeikamilisha picha na ana muda gani wa kufanya hivyo, na picha hiyo itapelekwa wapi. Nimechukua mifano mingi kutoka katika kazi ya harusi, kwa sababu ndiyo inayowalisha wapigapicha wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, na kwa sababu katika siku moja ya harusi mtu hukutana na karibu kila ugumu wa mwanga uliopo.

Kinachotokea ndani ya kamera

Kihisi cha kamera hakioni rangi. Kila pikseli hupima wingi wa mwanga tu, na rangi hupatikana kwa sababu juu ya pikseli hizo kumetandazwa kichujio chenye vigae vidogo sana vya kijani, vya bluu na vyekundu. Mpangilio wa vigae unaotumika katika kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya vigae ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya bluu. Faili la RAW ni kumbukumbu ya vipimo hivyo karibu kama vilivyotoka kwenye kihisi, pamoja na maelezo ya jinsi kamera ilivyokuwa imepangwa wakati huo. Bado si picha inayoweza kutazamwa. Ni lazima programu ikadirie rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli, iamue weupe ni upi, yaani kitu gani kihesabiwe kuwa cheupe chini ya taa zilizopo, na iongeze ukali na utofauti wa mwanga na kivuli. Kinachoonekana kwenye kioo cha kamera unapopiga RAW ni picha ndogo ya JPEG ambayo kamera imeitengeneza na kuiweka ndani ya faili hilo kwa ajili ya kutazamia.

Ukichagua JPEG, kazi hiyo yote hufanywa na kamera yenyewe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kamera huchagua weupe, huongeza rangi, hupunguza chengachenga, yaani vidoa vinavyotawanyika kwenye picha hasa gizani, kisha huibana picha kwa kanuni zilizokubaliwa mwaka 1992, ambazo huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuondoa ndani ya kila mraba maelezo madogo ambayo jicho la binadamu haliyatambui kwa urahisi. Rangi, ambayo jicho huikagua kwa uvivu kuliko mwangaza, mara nyingi huhifadhiwa kwa maelezo machache zaidi. Baada ya hapo vipimo vya awali hutupwa. Ni sawa na fundi cherehani aliyekwisha kukata kitambaa na kutupa vipande: kama vipimo vilichukuliwa vizuri, nguo inakaa mwilini na hakuna anayeuliza vipande vilikwenda wapi, kama vilikosewa, hakuna tena cha kuongezea.

Kwa hiyo katika njia zote mbili picha huhaririwa. Katika JPEG mhariri ni kamera, nayo hufanya kazi yake kabla hujaiona picha. Katika RAW mhariri ni wewe, baadaye. Mtu akilishika jambo hili, sehemu kubwa ya ubishi juu ya miundo hii miwili huisha.

Tofauti inapatikana wapi hasa

JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi ya msingi. RAW ya biti 12 huhifadhi ngazi 4,096, na ya biti 14 huhifadhi 16,384. Hesabu hizi hutajwa sana, lakini mara chache huelezwa zinamsaidia mpigapicha wapi. Zinamsaidia gizani. Kihisi hugawa ngazi zake kwa mafungu yasiyolingana: katika RAW ya biti 14, hatua ya juu kabisa ya mwangaza, yaani sehemu ya picha yenye mwanga mkali kuliko zote, huchukua nusu ya ngazi, 8,192, hatua inayofuata, yenye nusu ya mwanga huo, huchukua 4,096, na hivyo hivyo kushuka. Ukifika hatua ya sita kutoka juu, mahali ambapo vivuli huanza kuwa vizito, bado una ngazi 256 kwa hatua hiyo moja tu. Hizo ni sawa na ngazi zote ambazo JPEG imezigawanya kwa picha nzima, kutoka weusi hadi weupe. Chengachenga hula baadhi ya ngazi hizo, hasa ISO, yaani kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga, inapopanda, lakini zinazobaki ni nyingi.

Sasa fikiria bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, mwenye ngozi nyeusi, amesimama nje ya msikiti mara baada ya swala ya adhuhuri. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la saa hiyo hutoka karibu utosini, kwa hiyo paji la uso linaweka kivuli kwenye macho huku mabega ya kanzu yakimeremeta. Kipimo cha mwanga cha kamera, kinachojaribu kuileta picha kwenye wastani, kinauona weupe mwingi wa kanzu na kuipunguzia picha mwanga. Kanzu inatoka salama, uso unazama. Ukiwa na JPEG na ukajaribu kuunyanyua uso huo kwenye kompyuta, ngozi hupata mabaka, hugeuka kijivu au wekundu usio wake, na miraba ile ya pikseli 8 kwa 8 huanza kujionyesha kwenye mashavu. Ukiwa na RAW, uso huo unaweza kunyanyuliwa hatua mbili, na katika kamera nyingi za miaka ya karibuni hata zaidi, ukabaki na rangi yake ya kweli. Nalisisitiza hili kwa sababu ngozi nyeusi ina utajiri mkubwa wa rangi katika sehemu zake za giza, na kuwapa watu picha ambazo nyuso zao zimekuwa bapa na za kijivu ni kuwanyima haki yao siku waliyoitayarisha kwa miezi mingi. Kama unapiga watu wetu katika jua letu na huna kiakisi cha kurudisha mwanga wala flashi ya kujaza kivuli, piga RAW bila kusita.

Jambo la pili ni weupe. Faili la RAW halijafungwa kwenye weupe wowote. Mpangilio wa kamera huandikwa pembeni kama pendekezo, nawe unaweza kuubadilisha baadaye bila hasara. Hili hujulikana thamani yake ukumbini. Jioni moja ya sendofu inaweza kuwa na taa za manjano za dari, mwanga wa bluu wa jioni unaoingia madirishani, taa ya mpiga video yenye weupe mkali, na flashi yako mwenyewe. Kamera iliyo kwenye weupe wa kujipanga huenda ikatoa picha tatu za mfululizo zenye shela la rangi tatu tofauti. Kwa RAW unachagua picha moja, unaiweka sawa, kisha unanakili mpangilio huo kwa picha zote zilizopigwa chini ya taa zile zile. Kwa JPEG unaweza kusogeza rangi kidogo, lakini manjano yaliyoingia kwa nguvu hayatoki yote, na mara nyingi ukiyaondoa kwenye shela ngozi nayo huharibika.

Yale ambayo RAW haiwezi

Kuna imani kwamba ukipiga RAW unaweza kurekebisha chochote. Sivyo. Picha isiyo na ukali kwa sababu lenzi ilishika nyuma ya mhusika haiponyeki, wala iliyotikisika kwa sababu kasi ya shata ilikuwa ndogo. Mwanga ukizidi hadi pikseli zikajaa, hakuna muundo unaoweza kurudisha kilichopotea. RAW kwa kawaida huwa na akiba ya karibu hatua moja juu ya pale JPEG inapogeuka weupe mtupu, na akiba hiyo ikipita, lesi ya gauni imekwenda.

Taa za LED za rangi, zile za zambarau na bluu ambazo kumbi nyingi zimezipenda, zinahitaji tahadhari ya pekee. Mwanga wake una sehemu nyembamba tu ya rangi, kwa hiyo hakuna kurekebisha weupe kutakakoleta rangi ya ngozi ambayo haikuangaziwa. Isitoshe, taa hizo hujaza pikseli za bluu wakati za kijani zikiwa bado tupu, na histogramu ya jumla, yaani grafu ya kwenye kioo inayoonyesha mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, ambayo kwa kawaida hutegemea sana kijani, huonyesha kwamba picha iko salama. Fungua histogramu ya rangi tatu kwenye kioo cha kamera, uangalie ya bluu na nyekundu peke yake, na upunguze mwanga hadi ziache kugonga ukingo wa kulia. Wakati wa kukata keki, mwombe fundi wa taa awashe nyeupe kwa dakika chache; ombi hilo husaidia kuliko biti zote za kihisi.

Gharama ambayo lazima uihesabu kabla

Kwa kamera ya megapikseli 24, faili la RAW la biti 14 lililobanwa bila hasara huwa na takriban megabaiti 25 hadi 30, na JPEG ya ubora wa juu huwa kati ya 8 na 12, kutegemea wingi wa maelezo yaliyomo. Chukua harusi ya picha 1,500. Kwa RAW ni zaidi ya gigabaiti 40. Kwa JPEG ni kama 15. Mpigapicha mwenye harusi 40 kwa mwaka atakusanya zaidi ya terabaiti moja na nusu za RAW, na kwa kuwa faili lenye nakala moja tu ni faili linalongoja kupotea, anahitaji nafasi mara mbili ya hiyo. Ingiza gharama ya diski mbili za nje katika bei unayomtajia mteja, kama unavyoingiza nauli na chakula cha msaidizi wako.

Muda ndio gharama kubwa zaidi. Tuseme kati ya picha zile 1,500 umechagua 600, na kila moja inachukua dakika moja ya kuhariri. Hizo ni saa 10 za kazi, mbali na saa za kuchagua na za kuzitoa kuwa JPEG. Mtu mwenye harusi mbili kila mwisho wa juma, asiye na msaidizi na mwenye kompyuta ya kizamani inayosubiri sekunde kadhaa kufungua kila faili, atajikuta na deni la wateja lisilolipika. Kwake yeye, JPEG iliyopigwa kwa uangalifu na kutolewa kwa wakati ni huduma bora kuliko RAW zilizolala kwenye diski kwa miezi mitatu. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa kuwa ahadi ya siku ya kupokea picha ni sehemu ya ubora wa kazi.

Tatu kuna kasi. Kamera ikipiga mfululizo huweka picha kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuziandika kwenye kadi. Kamera nyingi za bei nafuu hujaza kumbukumbu hiyo baada ya RAW chache tu, kisha hugoma au hupunguza kasi, ilhali kwa JPEG huendelea kwa muda mrefu zaidi. Kama unangoja nyumbu waanze kuvuka Mto Mara, au uko nyuma ya goli kwenye mechi ya ligi, ijue idadi hiyo kabla ya siku yenyewe: weka kadi utakayoitumia, shikilia kitufe, na uhesabu picha hadi kamera inapoanza kukwama. Baadhi ya kamera zina RAW iliyobanwa kwa hasara kidogo, kama C-RAW ya Canon, ambayo hupunguza ukubwa wa faili na kuongeza idadi ya picha za mfululizo. Kwa wanyamapori ningeanza na hiyo kabla ya kukimbilia JPEG, kwa sababu mbuga za asubuhi na jioni zina vivuli virefu na anga lenye rangi pole ambazo JPEG huzikata kuwa mistari ukizigusa.

Kazi ambazo JPEG ni chaguo sahihi

Picha za pasipoti na vitambulisho, zinazopigwa mbele ya ukuta mweupe na chini ya taa ambazo hazibadiliki, hazina haja ya RAW. Panga mwanga mara moja, panga weupe kwa karatasi nyeupe, na kila mteja atatoka sawa. Hali ni hiyo hiyo kwa mahafali na matamasha ambako picha husafishwa, yaani huchapishwa kwenye karatasi, na kuuzwa papo hapo: mashine ya kusafishia picha hupokea JPEG, na mteja anaondoka baada ya dakika 15.

Wapigapicha wa habari na michezo wana sababu yao. Picha inayoingia mhariri akiwa amekwisha funga ukurasa haina thamani, na JPEG inaweza kutumwa kutoka uwanjani wakati mchezo unaendelea. Liko pia suala la uaminifu wa picha. Mwezi Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutokana na RAW, bali watume zile zilizotoka kwenye kamera zikiwa JPEG, zenye marekebisho madogo tu. Kupiga RAW kwa matumizi yao wenyewe hakukukatazwa. Kwa upande mwingine, shindano la World Press Photo huwataka wanaofika hatua za mwisho wawasilishe faili kama lilivyorekodiwa na kamera, ili waamuzi waone kama kuna kilichoongezwa au kuondolewa. Anayekusudia kuingia katika mashindano ya aina hiyo na aitunze RAW yake, kwa maana hakuna ushahidi ulio rahisi kuuonyesha kama huo.

Ukiamua JPEG, basi ipige kama mtu anayejua kwamba hatarudi nyuma. Chagua ubora wa juu kabisa na ukubwa kamili. Katika kamera za Canon ni alama ya robo duara laini karibu na herufi L, wala si ile yenye umbo la ngazi, na katika kamera za Nikon ni Fine. Weka rangi katika sRGB, ambayo simu, mitandao na mashine za kusafishia picha zinaielewa. Chagua mtindo wa picha wenye utofauti mdogo, kama ule wa picha za watu au Neutral, ili vivuli visifungwe mapema. Usiache weupe ujipange wenyewe mahali ambapo taa hazibadiliki. Washa onyo la mwanga uliozidi, lile linalomemesa, yaani kuwaka na kuzimika, kwenye kioo, na upunguze mwanga hadi kanzu au gauni liache kumemesa. Kisha ongeza flashi kidogo ili kuufikia uso. Unapohariri, fanya kazi kwenye nakala, kwa maana kila unapoifungua JPEG, kuibadilisha na kuihifadhi upya, inabanwa tena na kupoteza kitu.

Ukiamua RAW

Nidhamu ya RAW ni tofauti kidogo. Mwanga ujaze kadiri inavyowezekana bila kuzidi, kwa kuwa hatua za juu ndizo zenye ngazi nyingi, na picha iliyopigwa gizani kisha ikanyanyuliwa hubeba chengachenga kuliko iliyopigwa sawa. Kumbuka kwamba histogramu unayoiona imetokana na JPEG ile ndogo ya kutazamia. Ukiweka mtindo wa picha kuwa Neutral, histogramu itakaribia zaidi hali halisi ya kihisi, nawe hutadanganyika kwamba picha imezidi mwanga wakati bado ina nafasi. Mtindo huo hauibadilishi RAW yenyewe. Weupe nao, ingawa unaweza kubadilishwa baadaye, upange kwa kukadiria vizuri, kwa kuwa utakupa mwanzo mwema na kukupunguzia saa za kazi.

Hakikisha mapema kwamba programu yako inaifahamu kamera yako. Kila kampuni ina aina yake ya RAW: NEF ya Nikon, ARW ya Sony, RAF ya Fujifilm, CR2 na baadaye CR3 za Canon. CR3 ilianza na kamera ya EOS M50 mwaka 2018, na Lightroom 6, ambayo wengi bado wanayo kwenye kompyuta zao za zamani, iliacha kupata maboresho mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo haifungui mafaili hayo. Suluhisho si kununua kompyuta mpya. Adobe hutoa bure programu ya kugeuza RAW kuwa DNG, muundo iliouchapisha mwaka 2004 ili utumike na kampuni zote, na DNG hizo hufunguka katika programu za zamani. Zipo pia programu za darktable na RawTherapee, ambazo ni za bure kabisa na zina uwezo mkubwa, na programu za kampuni zenyewe kama Digital Photo Professional ya Canon na NX Studio ya Nikon, ambazo hazidai malipo na hutoa rangi zinazofanana na zile za kamera.

Mabadiliko unayofanya kwenye RAW hayaliharibu faili la awali. Huandikwa pembeni, katika faili dogo au ndani ya katalogi ya programu. Unaponakili picha kwenda diski nyingine, nakili na maandishi hayo, vinginevyo kazi yote ya kuhariri itabaki kwenye kompyuta ya kwanza.

Kupiga vyote viwili kwa pamoja

Kamera nyingi zinaweza kuandika RAW na JPEG za picha ile ile. Naipendekeza njia hii kwa mambo mawili. La kwanza ni pale familia inapotaka picha chache usiku ule ule: JPEG zinakwenda kwenye simu na kwa ndugu walio Muscat au Toronto, huku RAW zikingoja kazi ya albamu. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa upya. La pili ni kujifunza, nami ningependa kila mpigapicha alifanye angalau mara moja kwa uaminifu. Piga kazi moja nzima kwa miundo yote miwili. Chagua picha 20 zenye mwanga wa aina mbalimbali: nje mchana, kivulini, ukumbini, usiku kwa flashi. Hariri RAW kadiri ya uwezo wako wote, kisha zisafishe pamoja na JPEG zilizotoka kamera bila kuguswa, kwa ukubwa ambao wateja wako hununua. Mwonyeshe mtu asiyejua ipi ni ipi. Kama hapendelei RAW zako katika mwanga wa kivulini, umekwisha kujua kwamba mwanga huo hauhitaji RAW. Kama anazipendelea wazi zile za adhuhuri na za ukumbini, umejua saa zako za kuhariri uzipeleke wapi. Kama hazipendelei popote, tatizo liko kwenye uhariri, na kubadili muundo hakutalitibu.

Kama desturi ya kudumu, hata hivyo, kupiga vyote viwili hujaza kadi, hupunguza kasi na kumwacha mtu na mafaili mawili ya kila picha asiyoyapanga. Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, ni busara zaidi kuandika RAW kwenye kadi zote mbili siku ya kazi isiyoweza kurudiwa, kwa kuwa kadi hufa bila kuaga. Kamera kadhaa, zikiwemo nyingi za Nikon, Fujifilm na Canon, zinaweza kuigeuza RAW kuwa JPEG humo humo ndani, na hilo linatosha kwa picha chache za haraka.

Kwa simu hali ni tofauti. Android ilifungua mlango wa RAW kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014, na simu nyingi zina DNG katika modi ya Pro. Lakini JPEG ya simu ya sasa hutengenezwa kwa kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa haraka, ilhali DNG ya kawaida ni picha moja tu kutoka kwenye kihisi kidogo, yenye chengachenga nyingi. Mara nyingi JPEG hushinda. ProRAW ya Apple, iliyoanza na iPhone 12 Pro, huunganisha picha hizo kabla ya kuzihifadhi, lakini faili lake la megapikseli 12 hufikia takriban megabaiti 25, na simu yenye nafasi ndogo itajaa kabla ya bibi harusi hajaingia.

Baada ya kukabidhi kazi

Andika katika makubaliano kwamba mteja atapokea JPEG zilizokamilika, na utaje idadi yake. Wateja wengine huomba RAW wakidhani wananyimwa picha bora. Waeleze kwamba hazifunguki kwenye simu nyingi na kwamba bado hazijakamilika, na kama wanazihitaji kweli, mkubaliane bei kabla ya siku ya kazi. Mteja akishapokea na kuridhika, hifadhi RAW za picha zilizochaguliwa pamoja na JPEG zake kwenye diski mbili zinazokaa majengo tofauti, ufute RAW za picha zilizokataliwa, na baada ya hapo tu ndipo uifomati kadi kwa ajili ya harusi inayofuata.